Kemia ya Uhai kwa Anayeanza Biolojia: Fuata Maji Yanapotoka na Yanapoingia

Sura ya kemia ya uhai huwatoa jasho wengi wanaoingia kidato cha tano mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia), na vilevile walioko mwaka wa kwanza wa uuguzi, utabibu au kilimo. Kwa maoni yangu tatizo si ugumu wa sura yenyewe, ni mahali watu wanapoanzia. Mtu hukuta kwenye daftari jedwali la kabohaidreti, lipidi, protini na asidi nukleiki, akalikariri lote usiku mmoja, kisha mtihani ukamuuliza "kwa nini" naye hana pa kushika.

Hapa tutaanza na atomu chache, tutakaa sana kwenye maji, kisha tutayafuata maji hayohayo mpaka kwenye ugali, yai na damu. Ukitenga saa moja kila siku, wiki mbili zinatosha. Tafuta daftari na penseli, ayodini ya kupaka vidonda kutoka duka la dawa, ndimu, magadi kidogo, rozela kavu, unga wa mahindi, yai na mafuta ya kupikia. Kemikali nyingine ziache maabara ya shule.

Hatua ya 1: Atomu sita na namba nne

Ukipima mwili wa binadamu kwa uzito, takribani asilimia 65 ni oksijeni, 18 ni kaboni, 10 ni haidrojeni na 3 ni naitrojeni. Hizo nne peke yake zinafika asilimia 96. Ongeza fosforasi na salfa, na tayari unazo elementi zinazojenga karibu kila molekuli ya sura hii. Kalsiamu, sodiamu, potasiamu na chuma zina kazi kubwa mwilini, ila zitasubiri.

Namba za kukariri ni nne tu: haidrojeni hufanya bondi 1, oksijeni 2, naitrojeni 3, kaboni 4. Sasa chora kwa penseli, mstari mmoja kwa kila bondi: maji, amonia, methani, kaboni dayoksaidi, kisha ethanoli. Hesabu mistari ya kila atomu. Kaboni yenye mistari mitano ni kosa hata mchoro ukipendeza vipi. Ukimaliza, chora glaisini, asidi amino ndogo kuliko zote: NH₂ upande mmoja, COOH upande wa pili, na katikati kaboni yenye haidrojeni mbili. Mchoro huo utunze, tutaurudia.

Kaboni ndiyo inayobeba jengo zima kwa sababu ya hizo bondi nne. Inaweza kushikana na kaboni nyingine ikatengeneza mnyororo, tawi au duara, na bado ikabaki na nafasi ya kushika oksijeni au naitrojeni. Zamani wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba dutu za viumbe hai haziwezi kutengenezwa bila nguvu maalumu ya uhai. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akapata urea, dutu iliyomo kwenye mkojo, kutokana na chumvi aliyoitengeneza maabara, bila figo ya mtu wala ya mnyama. Atomu za mwili wako ni zilezile za mawe na hewa. Tofauti iko kwenye jinsi zilivyounganishwa.

Kuhusu bondi, jua aina tatu. Katika bondi kovalenti atomu mbili huchangia elektroni, na hii ndiyo imara. Katika bondi ya ayoni atomu moja hutoa elektroni na nyingine hupokea, zikawa ayoni, yaani atomu zenye chaji, kama sodiamu na klorini kwenye chumvi ya mezani. Bondi ya haidrojeni ni mvutano dhaifu kati ya haidrojeni yenye chaji chanya kidogo na oksijeni au naitrojeni yenye chaji hasi kidogo. Usiidharau hii ya tatu kwa udhaifu wake. Moja haina nguvu, lakini zikiwa maelfu hushikilia umbo la protini na nyuzi mbili za DNA.

Hatua ya 2: Kaa kwenye maji mpaka uyaelewe

Wengi huipita sehemu hii mbio kwa kuwa maji wanayajua tangu utotoni. Tumia siku mbili hapa.

Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni. Kwa hiyo molekuli ya maji, ambayo imepinda, ina upande wa oksijeni wenye chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni wenye chaji chanya kidogo. Huko ndiko kuwa na ncha, na karibu kila sifa ya maji unayoulizwa kwenye mtihani inatokana na hapo.

Jaribu mwenyewe. Weka sarafu kavu mezani, udondoshee maji tone kwa tone. Yatapanda juu ya ukingo yakatuna kabla ya kumwagika, kwa sababu molekuli zinavutana kwa bondi za haidrojeni. Rudia na maji yaliyotiwa tone la sabuni, uone yanavyomwagika mapema. Halafu tia chumvi kwenye glasi moja na mafuta kwenye nyingine. Chumvi huyeyuka kwa kuwa ncha za maji huzunguka kila ayoni na kuitenga na mwenzake. Mafuta hayana chaji ya kushikwa, yanajitenga juu.

Joto nalo lina habari zake. Gramu moja ya maji inahitaji takribani jouli 4.2 ili ipande nyuzi 1 ya Selsiasi, kiasi kikubwa ukilinganisha na vitu vingi. Ndiyo maana Dar es Salaam, iliyo kando ya bahari, usiku haupoi kama unavyopoa Dodoma. Na ili maji yawe mvuke lazima yabebe joto jingi. Mtungi wa udongo unafanya kazi kwa kanuni hiyo: maji hupenya vitundu vya udongo, hugeuka mvuke yakifika nje, na joto yanaloondoka nalo limetoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Jasho kwenye ngozi yako hufanya vivyo hivyo. Ukiulizwa "eleza umuhimu wa maji katika kudhibiti joto la mwili", andika mambo hayo mawili na utaje bondi za haidrojeni kama chanzo. Wengi hutaja jasho wakaishia hapo, na alama ya chanzo inapotea.

Hatua ya 3: pH, kwa ufupi

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Mdenmaki S. P. L. Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara ya kiwanda cha bia. Kinaonyesha wingi wa ayoni za haidrojeni, na kila hatua moja ni mara kumi. Dutu ya pH 3 ina ayoni hizo mara 1,000 zaidi ya ile ya pH 6. Si mara mbili, wala si mara tatu.

Chemsha rozela, uchuje, ugawe kwenye vikombe vitatu. Kimoja tia ndimu, kingine magadi, cha tatu kiache. Penye ndimu patakuwa pekundu la kung'aa. Penye magadi rangi itaelekea zambarau au kijani. Umepata kiashiria chako mwenyewe.

Namba za kushika: damu ni kati ya 7.35 na 7.45, tumbo ni kati ya 1.5 na 3.5. Damu haiyumbi kwa sababu ina bafa, hasa asidi ya kaboniki na baikaboneti. Asidi ikizidi, baikaboneti huzinyaka ayoni za haidrojeni. Zikipungua, asidi ya kaboniki huziachia nyingine.

Hatua ya 4: Maji yanatoka, maji yanaingia

Hapa ndipo sura nzima inapofunguka. Molekuli kubwa za uhai hujengwa kwa kuunganisha ndogo, na karibu kila muungano huondoa molekuli moja ya maji: ndogo moja hutoa OH, nyingine hutoa H. Huo unaitwa kondensesheni. Ukitaka kuvunja, unarudisha maji hayohayo, na huo ni haidrolisisi. Kujenga wanga, mafuta na protini ni kondensesheni. Kumeng'enya chakula ni haidrolisisi. Ukilielewa hili mara moja, makundi yote yanakuwa hadithi moja yenye wahusika tofauti.

Lipime kwa hesabu. Glukosi, C₆H₁₂O₆, ina uzito wa molekuli 180. Maltosi ni glukosi mbili: 180 + 180 − 18 = 342, yaani C₁₂H₂₂O₁₁. Watu hushangaa kwa nini fomula si C₁₂H₂₄O₁₂. Zile haidrojeni mbili na oksijeni moja zimeondoka kama maji. Sasa fanya mnyororo wa glukosi 100. Bondi ni 99, maji yaliyotoka ni 99, na uzito ni 18,000 − 1,782 = 16,218.

Rudi kwenye mchoro wa glaisini. Chora ya pili pembeni yake, futa OH ya COOH upande mmoja na H ya NH₂ upande wa pili, kisha unganisha kaboni na naitrojeni. Hiyo ndiyo bondi ya peptidi, na umeitengeneza kwa kifutio.

Hatua ya 5: Makundi manne, kila moja kwa kipimo chake

*Kabohaidreti.* Glukosi, fruktosi na galaktosi ni sukari moja-moja. Ukiziunganisha mbili-mbili unapata maltosi, sukrosi ya kwenye chai, au laktosi ya kwenye maziwa. Ukiunganisha glukosi nyingi sana unapata wanga, glaikojeni au selulosi. Wanga ni akiba ya mmea, glaikojeni ni akiba ya ini na misuli yako, selulosi ni ukuta wa seli ya mmea.

Swali linalorudi mara kwa mara ni hili: wanga na selulosi vyote ni glukosi, mbona ugali unameng'enywa na gunzi halimeng'enywi? Jibu liko kwenye mwelekeo wa OH ya kaboni namba 1. Katika wanga glukosi ni ya aina ya alfa, na mnyororo hujipinda kuwa mzunguko. Katika selulosi ni ya aina ya beta: kila glukosi ya pili imegeuzwa, mnyororo unanyooka, na minyororo jirani hushikana kwa bondi za haidrojeni na kuwa nyuzi imara. Vimeng'enya vyetu vinaitambua bondi ya alfa na havina la kufanya na ya beta. Ng'ombe naye hana kimeng'enya hicho cha kwake. Vijidudu vilivyomo tumboni mwake ndivyo vinavyomfanyia kazi.

*Lipidi.* Hizi si polima, yaani si minyororo mirefu ya vipande vinavyojirudia. Ni gliseroli moja na asidi mafuta tatu, kwa hiyo maji matatu yanatoka. Asidi mafuta isiyo na bondi pacha kati ya kaboni zake imenyooka, hupangika kwa kubanana na huganda kwa urahisi. Yenye bondi pacha imepinda, haibanani vizuri, hubaki kimiminika. Mafuta ya nazi, ambayo mengi ni ya aina ya kwanza, huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa iliyo kimiminika Tanga utaikuta imeganda Njombe mwezi wa saba. Alizeti haigandi hata huko. Gramu moja ya mafuta hutoa takribani kilojouli 37, ya wanga 17.

Fosfolipidi ina asidi mafuta mbili na kundi la fosfeti. Kichwa kinapenda maji, mikia inayakimbia, na kutokana na hali hiyo utando wa seli hujipanga wenyewe tabaka mbili, mikia ikielekeana.

*Protini.* Hapa usiende haraka. Asidi amino za kawaida ni 20. Usizikariri majina, mtihani wa mwanzo hauzitaki. Jifunze kwamba zote zina mwili mmoja na zinatofautiana kwenye kundi la pembeni: baadhi zina chaji, baadhi hupenda maji, baadhi huyakimbia. Protini ni shanga zilizotungwa kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo ndio muundo wa kwanza. Sehemu za mnyororo hujikunja kuwa mzunguko au bapa kwa bondi za haidrojeni, huo ni wa pili. Mnyororo mzima ukijifinyanga kuwa umbo, ni wa tatu. Minyororo zaidi ya mmoja ikiungana, ni wa nne.

Yai likichemshwa, ute unakuwa mweupe na mgumu. Kilichovunjika ni bondi dhaifu za umbo; bondi za peptidi ziko palepale. Kosa la kuandika kwamba joto la kupikia hukata bondi za peptidi nimeliona hata kwa wanafunzi wazuri. Maziwa yakigeuka mtindi ni hali inayofanana, ila chanzo ni asidi: bakteria hubadili laktosi kuwa asidi ya laktiki, pH inashuka hadi karibu 4.6, na kaseini inagandana.

Mfano mkubwa kuliko yote umo kwenye damu ya watu wetu. Selimundu husababishwa na badiliko moja: katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, nafasi ya 6, asidi ya glutamiki imepisha valini. Glutamiki ina chaji na hupenda maji, valini huyakimbia. Oksijeni ikipungua, sehemu hizo zinazokimbia maji hujificha kwa kushikana na hemoglobini jirani, nyuzi ndefu zinajengeka, na chembe nyekundu inapinda kuwa mundu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba tatizo liko kwenye molekuli yenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti Afrika Mashariki, alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ukiweza kueleza njia hiyo kutoka chaji ya asidi amino moja mpaka mgonjwa wodini bila kuangalia daftari, protini umezielewa.

*Asidi nukleiki.* Kipande kimoja cha mnyororo wake huitwa nukliotidi, na kila nukliotidi ina sukari, fosfeti na besi; kwenye DNA besi hizo ni A, T, G na C. A hukaa na T kwa bondi mbili za haidrojeni, G na C kwa tatu. Kwenye RNA, U huchukua nafasi ya T. Umbo la nyuzi mbili lilitangazwa na Watson na Crick mwaka 1953. Kwa sasa inatosha, mada ya jenetiki itakurudisha hapa.

Hatua ya 6: Vipimo vya chakula maabara

Kwenye mtihani wa vitendo utapewa myeyusho usioujua na kuambiwa utambue kilichomo. Fanya kila kipimo kwa kukumbuka kinaona nini.

Wanga: matone machache ya ayodini, bila kuchemsha. Bluu iliyokolea au nyeusi maana yake upo, kwa kuwa ayodini imeingia ndani ya mzunguko wa mnyororo. Ukichemsha rangi hupotea, na utadhani wanga haumo.

Sukari rejeshi (kama glukosi, fruktosi na maltosi): ongeza kiasi sawa cha myeyusho wa Benedict, weka testityubu kwenye maji yanayochemka. Bluu itageuka kijani, njano, chungwa, mwisho rangi ya matofali, kadiri sukari inavyozidi.

Sukrosi haionekani kwa Benedict moja kwa moja. Chemsha kwanza na asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa, tia baikaboneti ya sodiamu kidogokidogo mpaka povu liishe, kisha fanya Benedict. Usiikariri hatua ya asidi kama ibada: asidi inarudisha maji kwenye bondi, sukrosi inakuwa glukosi na fruktosi, na hizo ndizo zinazoonekana. Baikaboneti ni ya kuondoa asidi, kwa kuwa Benedict hufanya kazi penye besi. Ni lazima pia uonyeshe kwamba kabla ya asidi jibu lilikuwa hapana.

Protini: haidroksidi ya sodiamu, kisha matone ya salfeti ya shaba. Zambarau ni ndiyo. Kipimo hiki, kiitwacho Biuret, huona bondi za peptidi, kwa hiyo asidi amino zilizo peke yake hazileti rangi.

Mafuta: tia Sudan III, rangi inayoyeyuka kwenye mafuta, tikisa, subiri tabaka jekundu juu. Ukitumia ethanoli badala yake, zima moto kwanza. Ethanoli hushika moto haraka.

Kwenye ripoti, safu ya matokeo andika ulichoona tu. "Rangi ilibaki ya bluu" ni matokeo; "hakuna sukari rejeshi" ni hitimisho. Ukizichanganya unapoteza alama za bure.

Hatua ya 7: Kimeng'enya ulichonacho mdomoni

Pika uji mwepesi sana, nusu kijiko cha chai cha unga kwa glasi nzima ya maji. Uache upoe mpaka uwe vuguvugu, ugawe vikombe vitatu. Cha kwanza tia maji kidogo, cha pili mate, cha tatu mate yaliyochemshwa. Subiri nusu saa, kisha tia tone la ayodini kila kimoja. Cha kwanza na cha tatu vitakuwa bluu iliyokolea. Cha pili kitapauka au kubaki na rangi ya kahawia ya ayodini, kwa sababu amilesi ya mate imeukata wanga kwa kurudisha maji. Kile cha tatu ndicho chenye somo: amilesi ni protini, nawe umeliharibu umbo lake jikoni. Usitie ndimu kwenye jaribio hili, vitamini C huondoa rangi ya ayodini na matokeo yatakudanganya.

Haidrolisisi hiyohiyo huokoa maisha kwenye muhogo mchungu. Muhogo una linamarini, dutu inayobeba sumu ya sianidi, na kimeng'enya cha kuikata kimetengwa nayo ndani ya mmea. Ukiponda na kuloweka, viwili hivyo vinakutana, linamarini inavunjika, na sianidi inapata nafasi ya kutoka kabla ya muhogo kuliwa. Wakati wa njaa watu hufupisha siku za kuloweka, na huko ndiko kulikotokea konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaojulikana Kongo, Msumbiji na Tanzania.

Hatua ya 8: Jipime

Funga daftari ujibu haya kwa maandishi. Kwa nini jasho hupoza? Mafuta yenye asidi mafuta tatu yakivunjwa kabisa yanahitaji maji mangapi? Myeyusho haubadiliki kwa Benedict, ila hubadilika baada ya kuchemshwa na asidi: una nini? Mate yaliyochemshwa yana bondi za peptidi au hayana?

La mwisho: hemoglobini ina asidi amino 574 katika minyororo minne, miwili yenye 141 kila mmoja na miwili yenye 146. Maji mangapi yalitoka wakati wa kuijenga minyororo hiyo? Ukiandika 573, umeihesabu kama mnyororo mmoja. Minyororo minne haikuungana kwa bondi ya peptidi, kwa hiyo kila mmoja unapunguza moja yake: 574 − 4 = 570.